Kiatu Ndani ya Ndoo

4 Februari

Babu, shikamoo.

Shangazi ameniambia sauti yako imekwisha kabisa na masikio nayo yamegoma, kwa hiyo simu tuiache, tuandikiane. Mimi nimefurahi. Kwenye simu ulikuwa unanikatia kila nikifika swali la pili. Barua huwezi kuikata, labda uichane.

Nimeacha kazi ya ofisini. Usipige kelele (najua huwezi). Nimekodi chumba nyuma ya gereji, kina dirisha moja na sakafu iliyopasuka, na ndani yake nina majiko, masufuria, magunia ya chokaa, na muuza maziwa wa mtaa hunipitia kila asubuhi akidhani nina watoto kumi. Ninapika gundi yako, Babu. Gundi ya Ndoo.

Watu hawajaisahau. Nimekwenda kwenye chama cha mafundi viatu hapa mjini, wazee wakaniangalia usoni, wakasema, "Huyu kweli damu ya Mzee Ndoo." Wameniambia wazi: wakiona tena kopo lenye picha ya kiatu ndani ya ndoo, na wakiona kiatu kimelala majini siku tatu bila soli kuachia, kama ulivyowaonyesha wewe ujanani, watanunua kwangu wote. Onyesho ni tarehe 30 Machi, mbele ya ukumbi wao. Kikiachia mbele yao, basi, hakuna atakayenifungulia mlango mara ya pili.

Na kinaachia, Babu. Ninafuata kila kitu ulichomfundisha Baba. Nagandisha maziwa, nachuja, nakausha, nasaga, nachanganya na chokaa na maji ya moto. Gundi ikikauka inashika soli hata uivute kwa meno. Nikizamisha kiatu, kesho yake soli inaelea peke yake.

Chokaa ulitia kiasi gani? Moto wako ulikuwa mkali au wa taratibu? Kuna kitu ulikuwa unaongeza?

Baba anajua ninachofanya. Kibanda chake kiko mtaa wa pili, bado anashona viatu kwa sindano na uzi, gundi haigusi hata ya kubandika bahasha. Kila jioni hupita mbele ya mlango wangu bila kugeuza shingo. Jana nilimwita. Alisimama, akaitazama mikono yangu iliyobabuka kwa chokaa, akasema, "Hiyo ni mikono yangu. Pole, mwanangu, umerithi mkosi." Akaenda zake.

Mimi mkosi siutaki. Nijibu upesi.

Mjukuu wako,
Maswali


15 Februari

Mjukuu wangu Maswali,

Marahaba, na hongera kwa kuacha kiti cha ofisi. Barua yako imenikuta nikiwa na kikohozi kidogo tu, Shangazi yako hupenda kukuza mambo.

Unaniuliza mengi, nami nitakujibu kwa moja. Nilikuwa mwalimu wa sayansi, kijana, nina mke na mtoto mchanga, ndiye huyo baba yako. Niliacha chaki nikaingia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Nikapika gundi ya kwanza, ikashindwa. Ya pili ikashindwa. Nilishindwa mara tisa, mjukuu wangu, mbele ya mafundi wale wale. Kulikuwa na fundi mmoja mnene, mara ya tisa alishika tumbo akapiga kelele, "Mwalimu, soli yako inaogelea kuliko mtoto wangu! Rudi ukafundishe!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikwenda nyumbani nikawasha jiko. Mara ya kumi kiatu kililala ndooni siku tatu. Yule mnene alikitoa mwenyewe, akaivuta soli mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Haikuachia.

Hadithi hii nimeisimulia kwenye shule nyingi kuliko ninazoweza kuzikumbuka, na watoto walikuwa wakinipigia makofi. Sasa naisimulia kwako, kwa sababu ni yako.

Kuhusu chokaa, mkono wako utakuambia. Kuhusu moto, vivyo hivyo. Mambo haya hayaandikiki.

Jaribu tena.

Babu yako


1 Machi

Babu, shikamoo.

Nilisoma barua yako kwa sauti humu chumbani, nikawasha jiko. Mkono wangu haujaniambia kitu.

Naomba uvumilie, maana ninakuandikia kama mwanafunzi kwa mwalimu wa sayansi. Nimebadilisha kitu kimoja kimoja. Chokaa kidogo, chokaa nyingi. Moto wa mkaa, moto wa gesi. Maziwa ya asubuhi, maziwa yaliyochacha. Kila mchanganyiko nautia kwenye chupa yake, nabandika kikaratasi kwa gundi ile ile, naandika nilichofanya. Rafu nzima imejaa. Chumba hiki kina unyevu mpaka chupa zinatoka jasho, lakini najua kila moja ni ipi. Ukuta wa pili ni bohari ya kiwanda cha soda. Kutwa nzima nasikia akina mama wakikwangua lebo kuukuu kwenye chupa tupu kwa visu. Kwaru, kwaru, kwaru. Nikilala naisikia. Lakini angalau wao mwisho wa siku chupa zao huwa safi.

Kuna mambo mawili nataka nikuulize.

La kwanza. Fundi mmoja mzee aliniletea kopo lako la zamani, limebaki limefungwa rafuni kwake miaka yote. Nimelifungua. Ndani gundi imekauka kama ulimbo, nikiivuta inarefuka. Na harufu yake si ya maziwa. Labda ni uzee wake tu. Wewe unaonaje?

La pili. Amekuja dalali hapa, ana pipa la gundi ya mpira iliyotoka nje. Tumeijaribu kwenye ndoo: haiachii. Anasema, "Dada, unajitesa bure. Pakua, tia kwenye makopo ya babu yako, mwite muuza maziwa aendelee kuja ili watu waone. Nani atajua?" Nimemwambia siamui jambo kama hilo bila kumuuliza babu yangu.

Kwa hiyo nakuuliza. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Maswali


9 Machi

Maswali,

Kopo hilo litupe. Kitu kilichokaa miaka yote hiyo kimekwisha kuoza, na mtu mwenye akili hapimi kazi ya leo kwa uozo wa jana.

Dalali huyo mfukuze. Sina zaidi la kusema juu yake.

Unaniandikia kama mwanafunzi, nami nakujibu kama mwalimu: umejaza rafu kwa maswali, hukujaza kwa kazi. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Kila siku ana jipya la kuuliza, kila siku ameshika chupa anatazama mwangani. Mwisho wake unaujua. Biashara niliyoijenga kwa mikono yangu ilifia mikononi mwake, na mtaa mzima ulishuhudia.

Kama unataka kuwa kama yeye, endelea kuuliza. Kama unataka kuwa kama mimi, jaribu tena.

Babu yako

(Mwanangu, ni mimi Shangazi. Nimeichomeka karatasi hii kabla ya kufunga bahasha. Kikohozi si kidogo. Daktari amesema tusimpeleke tena hospitali, akae nyumbani na watu wake. Hali chakula vizuri, na tangu barua yako ifike hapati usingizi. Ameandika na kuchana barua tatu kabla ya hii. Nilipomuuliza ana nini, aliandika kwenye ubao wake: "Yule mtoto ameniuliza nifanyeje." Mimi sielewi. Kama umemkosea, muombe radhi, mzee anaondoka.)


14 Machi

Babu, shikamoo.

Sitakuuliza tena juu ya chokaa, wala juu ya kopo.

Onyesho ni tarehe 30. Dalali ameliacha pipa lake mlangoni kwangu, anasema hana haraka, anajua nitamwita. Mafundi wameshatengeneza meza ya kuweka ndoo. Mwenyekiti wao ananiambia wajukuu zao watakuja kutazama, wameambiwa hadithi ya mara ya kumi.

Nina swali moja tu, na ukinijibu kwa neno moja litanitosha. Kama ungekuwa unajua jambo linalofaa kunizuia nisiende mbele ya ndoo ile, ungeniambia?

Mjukuu wako


22 Machi

Mjukuu wangu,

Ndiyo.

Neno hilo moja limenichukua siku nyingi. Sasa nalifuatisha na mengine kabla mkono haujaniacha. Shangazi yako ameniwekea ubao wa kukatia mboga mapajani, naandika juu yake kidogo kidogo, napumzika, naandika tena. Usikasirikie mwandiko.

Nilishindwa mara tisa. Hilo ni kweli. Hakuna mara ya kumi.

Baada ya yule fundi mnene kunicheka, nilirudi nyumbani nikawasha jiko, hilo nalo ni kweli. Lakini nilikuwa tayari nimejua. Mwalimu wa sayansi anajua maziwa ni kitu gani na maji hufanya nini. Nilikuwa nimeagiza bandarini kopo la gundi ya mpira ya kigeni, ili niichunguze, nione yangu inakosa nini. Ilikuwa mezani. Kiatu cha onyesho kilikuwa mezani. Bibi yako alikuwa anambembeleza baba yako chumba cha pili, anaimba, na nilisikia katika sauti yake kwamba amechoka. Nikachukua brashi. Nilijiambia ni kwa siku hiyo tu, wakishaninunulia nitapata nafasi ya kupika iliyo sawa.

Wakaninunulia. Sikupika iliyo sawa.

Nikaanza kuagiza mapipa. Kwa nje yalionekana kama mapipa ya mafuta ya taa, nikayaweka kwenye banda la nyuma, nikafunga kufuli, nikasema humo ndimo siri ya upishi ilimo, asiingie mtu. Humo nilikuwa napakua tu. Na kwa sababu mtaa ulijua Gundi ya Ndoo ni ya maziwa, kila asubuhi nilichemsha maziwa, harufu ikaenda mtaani, kisha nikayamwaga mferejini. Paka wa mtaa wetu walinenepa mpaka wakawa hawapandi ukuta. Watu walisema ni dalili ya baraka.

Ile picha ya kiatu ndani ya ndoo niliichora mwenyewe. Nilipokuwa naichora nilikuwa najionea fahari. Nataka ujue hilo pia, maana nikisema nilikuwa na aibu siku zote, nasema uongo mwingine. Aibu ilikuja baadaye. Kwa miaka mingi nilifurahi.

Kisha mtu aliyekuwa akiniletea mapipa kutoka bandarini akaacha kuleta. Nikasema nimezeeka, nikamkabidhi baba yako banda na ufunguo. Nikamfundisha kupika maziwa na chokaa. Nilidhani atajaribu wiki mbili, achoke, tufunge kwa heshima, tuseme mambo yamebadilika. Hakuchoka. Alijaribu miaka sita. Alikonda, akaachwa na marafiki, mama yako akamwomba aache akakataa. Nilikuwa nimeweka kiti changu mlangoni mwa banda, pale kwenye kivuli, nikimtazama. Kila soli ilipoachia alikuwa ananigeukia. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja aambiwe. Nami nilikuwa na maneno mawili, yale yale.

Jaribu tena.

Nilikwenda kwenye shule kuhubiri subira. Mtu pekee niliyepata kumwona mwenye subira ile niliyoihubiri ni mwanangu, na kwa subira hiyo hiyo nilimvunja. Alipofunga banda, mtaa ukasema kijana ameua kazi ya baba yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti waliposema hivyo. Sikuinuka.

Ukanijia wewe na maswali yako. Nilisoma mstari wa dalali, "mwite muuza maziwa aendelee kuja", nikahisi kuna mtu amekaa ndani ya banda langu miaka yote akinitazama.

Usiende kwenye ndoo. Pipa la dalali usilitie kwenye kopo langu. Na gundi ya maziwa iache, haitashika majini hata ukiipika mara mia. Hukushindwa wewe. Hakushindwa baba yako. Nilishindwa mimi, mara tisa, nikaona haya kuacha iwe tisa.

Nimemwambia Shangazi yako apeleke barua hii leo, asingoje kesho, nisije nikaichana.

Babu yako


2 Aprili

Babu, shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 31, siku moja baada ya onyesho. Najua utakuwa umekaa ukihesabu, kwa hiyo nianze na hilo: sikutia kiatu ndooni.

Nilikwenda. Meza ilikuwepo, ndoo ilikuwepo, watoto wamepanda juu ya ukuta. Nikawaambia mafundi, "Wazee wangu, gundi niliyo nayo haihimili maji. Nimejaribu kila njia. Sitawauzia kitu kitakachowaaibisha kwa wateja wenu." Kisha mwenyekiti akasema, "Babu yako hakukata tamaa mara ya tisa." Watu wakaguna kumuunga mkono. Kulikuwa na mmoja nyuma, akasema kwa sauti, "Ni mkosi wa baba yake." Na Baba alikuwepo, Babu. Amesimama kando, na mkoba wake wa sindano. Alikuja kuniona nikianguka ili nisianguke peke yangu. Alilisikia hilo, na hakubisha, kwa sababu analiamini.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa najua. Nilijua tangu siku niliyofungua lile kopo. Mimi nimepika maziwa mpaka nywele zangu zinanuka; gundi ya maziwa ikizeeka hupasuka kama udongo, hairefuki kama ulimbo. Nilipokuuliza unaonaje, nilikuwa najua. Nilipokuuliza juu ya dalali, nilikuwa najua. Kila barua nilikufungulia mlango, Babu, na kila mara ulinifungia usoni. Ulipoandika kwamba biashara ilifia mikononi mwa Baba, niliitupa barua chini nikaikanyaga. Kisha nikaiokota, kwa sababu ya karatasi ya Shangazi iliyochomekwa ndani.

Lile pipa nimemrudishia dalali. Alicheka, akasema nitamkumbuka.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukijui, maana na mimi nimekuficha. Unasema gundi ya maziwa niiache. Siiachi.

Baada ya kopo lile nilikaa chini nimechoka, nikaamua nioshe zile chupa za rafuni nirudishe chumba cha watu. Wiki kadhaa zimetoka jasho kwenye unyevu ule, vikaratasi vyote vimeshika, hakuna hata kimoja kilichojikunja. Nikazimwagia maji ya moto. Vikaratasi vikatoka vyenyewe, vizima, chupa ikabaki safi kama haijawahi kubandikwa kitu. Nikasimama na chupa mkononi. Na upande wa pili wa ukuta: kwaru, kwaru, kwaru.

Unaona? Wale akina mama wanakwangua kwa visu kwa sababu gundi ya kiwanda chao ama inaachia chupa ikiwa bado kwenye barafu dukani, ama haiachii kabisa kwenye mtambo wa kuoshea. Wanataka gundi inayovumilia maji baridi na kukubali kushindwa na maji ya moto. Wewe uliipika mara tisa ukaimwaga, kwa sababu ulikuwa umeshaamua itakuwa ya viatu. Ulikuwa unatazama kiatu tu. Na mimi pia, mpaka siku ile.

Nimekwenda kwa msimamizi wa bohari. Mara ya kwanza hakunisikiliza. Mara ya pili alisema, "Wewe si yule wa viatu?" Mara ya tatu nilimkuta anakula, nikaweka chupa zangu mbele ya sahani yake na birika la maji ya moto, nikamwambia amwage mwenyewe. Akamwaga. Akaita wenzake. Wananipa mstari mmoja wa chupa mtamboni, kwa majaribio, mwezi huu wote. Hawajaahidi kitu. Inaweza kukwama. Ikikwama nitatazama imekwamia wapi, na nitaenda mahali pengine nayo. Kwenye kopo sitaweka picha ya ndoo, wala jina lako.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo.

Barua yako ya kukiri iko hapa, nimeikunja ndani ya mkoba. Baba yuko mtaa wa pili. Ni hatua chache. Sijampa na sitampa. Umeniambia mimi kwa sababu mimi ni rahisi, mimi sikukaa miaka sita nikikugeukia. Si kazi yangu kumpelekea. Ukifa bila kumwandikia, nitaichoma, naye atakuzika akiamini mikono yake ndiyo iliyoua kazi yako. Nakuapia, Babu, nitaichoma.

Umeniambia jaribu tena mara nyingi. Sasa nakuambia wewe.

Mjukuu wako,
Maswali


8 Aprili

Mwanangu,

Ni Shangazi yako. Babu hawezi tena kukaa bila mto. Nilimwambia, "Baba, niambie nikuandikie, mimi mkono wangu ni mzima." Akatikisa kichwa. Akaandika ubaoni: "Lazima uwe mwandiko wangu." Ana karatasi moja mbele yake tangu juzi. Anaandika mstari, analala, akiamka anausoma na kuufuta. Leo nimemfichia kifutio.

Sijui ulimwandikia nini. Alipoimaliza barua yako aliiweka kifuani, akalia, halafu, mwanangu, akacheka. Sauti haikutoka lakini mabega yalicheka. Nikamwuliza kuna nini, akaandika: "Maji ya moto!"

Mwombee apate nguvu za ukurasa hata mmoja.

Shangazi


11 Aprili

Mwanangu,

Gundi ile haikuwahi kushika majini. Niliyokuwa nauza ilitoka kwenye mapipa ya nje. Nilikupa kazi isiyowezekana, nikakaa kwenye kiti nikakutazama miaka sita, kwa sababu niliona haya.

Mikono yako haina mkosi. Haikuwa nao hata siku moja.

Mengine anayo binti yako, mwombe akupe. Sikuombi unisamehe. Nilitaka uyasome haya kwa mwandiko wangu, ili usidhani ni huruma ya mtu mwingine.

Baba yako


17 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako ililetwa kibandani nikiwa na mteja mbele yangu, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Nikaisoma. Yule mteja akasema, "Fundi, vipi, msiba?" Nikamwambia sijui. Nikamaliza kwanza kushona kiatu chake. Sindano ilikuwa inaingia panapotakiwa, nikawa naitazama mikono yangu kama naiazima kwa mtu.

Jioni nikaenda kwa huyu mtoto. Sijawahi kuingia mle ndani. Alinipa barua yako ndefu na kiti. Nilipomaliza kuisoma akanipa chupa na birika.

Nikamwaga. Lebo ikatoka nzima.

Nataka ujue jambo hili. Hiyo gundi niliwahi kuipika, Baba. Mwaka wa nne. Ni ile ile, nimeijua kwa kidole. Nilikuwa nimebandikia karatasi kwenye chupa zangu, na mama wa huyu mtoto alipoziosha alisema, "Angalau gundi yako ina adabu, ikiambiwa toka inatoka." Tulicheka siku hiyo, mara moja tu katika mwaka ule. Nikaimwaga mferejini, pale pale ulipomwaga yako. Kisha nikaja nikasimama mbele ya kiti chako.

Nimejaribu kukuandikia kwamba nimekusamehe, kalamu haikubali. Nina hasira, Baba. Ni nyingi na ni mpya, na sitaki kuja kuimalizia juu ya kaburi ambalo halitanijibu. Kwa hiyo nakuomba usife. Kula anachokupa dada, hata kama hukitaki. Nitapanda gari la Ijumaa, Jumamosi asubuhi nitakuwa mlangoni. Huyu mtoto anakuja pia, kiwanda kimempa mstari wa pili na amekuwa na kiburi kisichovumilika.

Dada anasema viatu vyako vimeachama midomo na humpi mtu avitengeneze. Avitoe aviweke kizingitini. Nitavishona hapo hapo, nawe utawekewa kile kiti unitazame, kama zamani. Nitashona polepole, macho yangu si yale, huenda nikakosea nikafumua.

Nikigeuka kukutazama, Baba, safari hii usiniambie nijaribu tena.

Mwanao